Lumeni Laki Moja kwa Betri Moja

Jua likianza kuzama, wachuuzi wa Mutindwa, pale Buruburu inapokutana na Umoja, Eastlands ya Nairobi, hupanga tochi juu ya turubai pamoja na waya za chaji, soketi na rimoti za televisheni. Kila tochi ina boksi lake, na kila boksi lina nambari: 20,000. 80,000. 100,000. Kuna maboksi yaliyoandikwa 990,000 kwa wino wa dhahabu, herufi LM zikifuata nyuma. Tochi yenyewe inaingia mfukoni.

LM ni lumeni, kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye taa, uelekee ukutani au mawinguni. Balbu ya LED ya wati 9 iliyoko sebuleni kwako hutoa lumeni 800 hivi, pengine 900. Balbu ya halojeni ya H4, iliyo kwenye taa za mbele za magari mengi ya zamani, hutoa kama 1,000 dereva akiwa kwenye dimu na 1,650 akipiga fuli. Halafu kuna zile taa za juu ya mlingoti ambazo Eastlands nzima inaziita mulika mwizi. Balbu moja ya metali-halaidi ya wati 1,000, ya aina iliyozoeleka milingotini na viwanjani kabla LED hazijaingia, hutoa lumeni 100,000 au karibu na hapo. Kwa maneno ya boksi, basi, umeuziwa mulika mwizi ya kutia mfukoni, na ukijikaza ununue ile ya dhahabu utakuwa umeondoka na tisa na ushee.

Hakuna anayeziamini nambari hizi moja kwa moja. Muuzaji ukimbana hucheka, na mnunuzi naye amekulia Nairobi, anajua kwamba karibu kila kitu kinachoandikwa kwenye boksi kimetiwa chumvi. Hasara yetu haiko hapo. Iko kwenye lile wazo la kujifariji kwamba chumvi imetiwa kwa kipimo kimoja: kwamba tochi ya 80,000, hata iwe ya uongo namna gani, haiwezi kushindwa na ya 20,000. Ndiyo maana mtu huongeza shilingi mia tatu juu ya bei na kuchukua yenye nambari kubwa. Lakini nambari isiyopimwa haiwezi hata kupanga foleni. Tochi mbili zinazofanana ndani kwa kila kitu zinaweza kuvaa maboksi yenye nambari zilizoachana mara tano, na kati ya zisizofanana nimewahi kuona yenye nambari ndogo ikiwa ndiyo yenye mwanga zaidi.

Twende kwenye betri, kwa sababu betri haiwezi kudanganya kwa muda mrefu. Tochi nyingi za chaji za siku hizi hutumia seli ya lithiamu inayoitwa 18650: upana milimita 18, urefu milimita 65. Hiyo ndiyo nambari unayoweza kuithibitisha kwa rula ya mtoto wa shule. Seli bora za ukubwa huo, kutoka kampuni zinazotengeneza seli zenyewe kama Panasonic, LG na Samsung, hubeba miliampea-saa 3,500 hivi kwa volti 3.6. Zidisha utapata wati-saa 12 na nusu. Hiyo ndiyo akiba yote ya tochi, na hakuna swichi inayoiongeza.

Upande wa pili iko LED. Kipande kizuri cha LED ndani ya tochi hutoa lumeni 100 hadi 150 kwa kila wati, na zile za daraja la juu, zikiendeshwa polepole, hukaribia 200. Juu ya hapo kuna dari ambayo haikuwekwa na kiwanda chochote. Vipimo vya kimataifa vya mwanga vimefungwa kwenye nambari 683: wati moja ya mwanga wa kijani, rangi ambayo jicho la binadamu huiona vizuri kuliko zote, ni lumeni 683. Mwanga mweupe ni mchanganyiko wa rangi, kwa hiyo mpaka wake uko chini zaidi, lumeni mia tatu na kitu kwa wati, hata kama LED isingepoteza chochote kwa joto. Iwe ni Shenzhen au Kariobangi Light Industries, hakuna atakayeuruka mpaka huo.

Sasa gawanya. Lumeni 100,000, kwa lumeni 150 kila wati, zinadai wati 667, zaidi ya nusu ya pasi ya nguo. Wati 667 kutoka kwenye seli ya volti 3.6 ni mkondo wa ampea 185, ilhali seli ya 18650 iliyotengenezwa mahususi kwa kazi ngumu huvumilia ampea 20, 30 ikizidi. Tuseme ni muujiza na imevumilia. Wati-saa 12 na nusu zitakuwa zimekwisha kwa dakika moja na sekunde chache, na mkono wako utakuwa umeungua kabla ya hapo.

Tochi ya lumeni 100,000 ipo duniani, tusidanganyane. Kampuni ya Kichina ya Imalent hutengeneza moja inayoitwa MS18. Ina LED 18, betri nane za aina ya 21700 ambazo ni kubwa kuliko 18650, feni za kupoza joto ndani yake, na uzito unaokaribia kilo mbili. Bei yake ni mamia ya dola, yaani makumi ya maelfu ya shilingi. Pamoja na hayo yote, ule mwanga wa juu kabisa inaushikilia kwa muda mfupi tu kisha inajipunguza yenyewe ili isiungue. Ukishaiona hiyo, ile ya Mutindwa inajieleza.

Maandishi mengine kwenye boksi nayo yana mambo. “CREE T6” limekuwa kama jina la ubatizo la tochi. Cree ni kampuni ya Marekani iliyowahi kuongoza katika LED, na mwaka 2021 iliiuza biashara hiyo ya LED. T6 halikuwa jina la LED yake yoyote. Lilikuwa alama ya kundi: vipande vya LED aina ya XM-L hupangwa kwa mwanga vinaoutoa, na vya kundi la T6 ni vile vya kuanzia lumeni 280 vikipewa mkondo wa miliampea 700. Vikisukumwa hadi mwisho wa uwezo wake, ampea 3, vinakaribia lumeni elfu moja. Kwa hiyo boksi linalosema “T6” na “50,000 LM” kwa pamoja limejikana lenyewe. XHP50 na XHP70 ni LED halisi zilizotoka Cree. Zile P160 na P360 zinazotapakaa sasa hazina baba huko. Nambari imepandishwa tu, kwa kuwa mteja aliyeshazoea P70 atadhani P360 ni mara tano yake.

Si kwamba ulimwengu umeshindwa kupima. Mwaka 2009 watengenezaji wa tochi wa Marekani walikubaliana kuhusu kiwango kinachoitwa ANSI FL1. Kinaeleza lumeni zipimwe vipi na lini: baada ya tochi kuwaka angalau sekunde 30, wala si ule mmweko wa sekunde ya kwanza. Umbali wa mwanga nao una maana maalumu. Ni pale ambapo mwanga uliobaki ni robo ya laksi, sawa na mbalamwezi ya usiku usio na mawingu. Hesabu yake ni rahisi kuliko ya riba ya chama: chukua nguvu ya mwale kwa kandela, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa mbili, na jibu ni mita. Tochi inayodai mita 1,000 inahitaji kandela 250,000. Na hata ikizifikisha, huko mwisho wa mita elfu moja utaona kitu kama kivuli chini ya mwezi, si uso wa mtu.

Kiwango hicho ni cha hiari na kina mlango wake wa nyuma. Muda wa kuwaka huhesabiwa mpaka mwanga unaposhuka hadi asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Tochi inaweza kuwaka kwa fahari dakika tatu, ikaanguka hadi asilimia 12, ikajikokota hivyo usiku kucha, na kampuni ikaandika “saa 9” bila kusema uongo. Kampuni zenye heshima hufanya hivyo pia. Ila angalau hapo kuna kipimo cha kubishana nacho.

Eastlands ina kipimo chake. Muuzaji huwasha tochi, anavuta kichwa chake mbele mpaka mwanga unabanana kuwa duara dogo, kisha anaupiga kwenye ukuta wa ghorofa la ng'ambo. “Ona hiyo, boss.” Unaona, na unatoa pesa. Tatizo ni kwamba onyesho hilo linajibu swali jingine. Kuvuta lenzi hakuongezi hata lumeni moja. Mara nyingi kunapunguza, kwa sababu mwanga wa pembeni unabaki umefungiwa ndani ya kichwa cha tochi. Kinachobadilika ni mkusanyiko wake. Tochi ya lumeni 150 iliyobanwa vizuri itaing'arisha nukta moja ya ukuta kuliko tochi ya lumeni 600 iliyotawanya mwanga wake chumba kizima, na kila anayetazama barabarani ataapa kwamba ya kwanza ndiyo kali.

Jicho nalo lina udhaifu wake. Haliongezi mwanga kwa kujumlisha. Ili taa ionekane kuwa na mwanga maradufu, lumeni zake hazina budi kuongezeka takriban mara nne. Kutoka 300 hadi 400 hutaona kitu. Mwanga wenye ubluu hudhaniwa kuwa mkali kuliko wenye umanjano hata kama lumeni ni zile zile, na LED za bei rahisi nyingi zina ubluu wa kuumiza macho. Juu ya hayo, betri ya maonyesho imetoka kwenye chaji sasa hivi. Unainunua tochi katika dakika yake bora kabisa.

Biashara hii haikujizukia tu. Usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta nao ukaingia gizani. Ikapotea tena tarehe 11 Novemba, na tena 10 Desemba, mwaka huo huo. Mwaka 2024 ukaja na zake, Mei na Septemba zikiwamo. Wenye kumbukumbu ndefu watamtaja tumbili wa Gitaru, aliyeangukia transfoma Juni 2016, akazima taifa kwa saa kadhaa, na mwenyewe akatoka hai. Ila mkazi wa Kayole hangoji hitilafu ya kitaifa. Transfoma ya mtaa ikilipuka, giza ni la siku. Tokeni zikiisha saa tano usiku na M-Pesa haina kitu, giza ni la nyumba moja.

Pipeline na Tassia ni habari nyingine kabisa. Huko maghorofa yamebanana hivi kwamba majirani wa majengo mawili wanaweza kupeana chumvi dirishani, na orofa za chini huwa na giza saa sita mchana. Anayepanda ngazi na mtungi wa maji anahitaji mwanga uliotawanyika miguuni pake; lumeni 50 zinamtosha kabisa. Mwale wa kupiga ukuta wa mbali ungemwonyesha ngazi moja na kuzificha zile nyingine. Mama mboga anayetoka Dandora saa kumi alfajiri kwenda Marikiti anataka tochi ndogo isiyotangaza kwamba mwenye pesa za soko anapita, itakayowaka asubuhi hiyo na asubuhi zinazofuata. Soja wa geti ndiye pekee kati yao anayehitaji mwale mrefu, tena kwa sekunde chache chache: mulika, ona, zima. Watu watatu, mahitaji matatu, na wote wanauziwa tochi moja kwa nambari moja.

Kizazi cha wazazi wetu kilikuwa na tochi ya bati ya betri mbili kubwa, balbu yake ya waya ikitoa lumeni 15 au 20. Betri zilikuwa zile zenye paka, za Eveready, iliyofungua kiwanda chake Nakuru mwaka 1967 na kukifunga 2014. Hakuna aliyezitangaza lumeni zake. Watu waliuliza betri zitakaa wiki ngapi. Kisha mwaka 2003 ikaja Nokia 1100, simu yenye tochi kichwani. Dunia ilinunua zaidi ya milioni 250 za aina hiyo, na Kenya ikazipa simu za namna hiyo jina la mulika mwizi. Jina hilo hilo limekaa kwenye milingoti mirefu iliyoanza kusimikwa katika mitaa ya Nairobi miaka ya 2000, enzi za kampuni ya Adopt-A-Light ya Esther Passaris, ambaye baadaye alikuja kuwa mbunge mwakilishi wa wanawake wa jiji. Simu ilikuwa na mwanga hafifu sana, mlingoti una mwanga wa kusomea gazeti, na vyote viwili vilipewa jina kwa kazi vinayofanya.

Wakenya wameshawahi kuchunguzwa kuhusu tochi hizi, jambo ambalo wengi hawalijui. Mwishoni mwa miaka ya 2000, LED zilipokuwa ndiyo kwanza zinaingia madukani, watafiti wa Marekani wa mradi wa Lumina, akina Evan Mills, Arne Jacobson na Jennifer Tracy, walizungumza na watumiaji wa tochi za LED hapa Kenya kuhusu matumizi, gharama na malalamiko yao. Hadithi waliyoisikia ni ile ile ya Mutindwa ya leo: swichi zinazokufa, LED zinazozimika moja moja, betri zisizoshika chaji. Wasiwasi wao ulikuwa mpana kuliko tochi. Waliogopa kwamba mtu aliyeumwa na LED ya kwanza angeiona LED yoyote kuwa takataka, arudi kwenye koroboi, na taa nzuri zikifika zikute soko limeshaharibika.

Kwa taa za sola hofu hiyo ilijibiwa kwa vitendo. Mpango wa Lighting Africa wa Benki ya Dunia na tawi lake la IFC, ulioanza 2007, uliweka utaratibu wa kununua taa sokoni, kuzipima maabarani na kutangaza matokeo, na vipimo vyake vikaingia katika viwango vya kimataifa vya IEC. Ndiyo sababu taa ndogo ya d.light au Sun King inaweza kukuambia kwamba inatoa lumeni 25 au 100 kwa saa kadhaa, na ikawa hivyo. Iweke sasa kwenye rafu moja na tochi ya 100,000. Mkweli anaonekana mnyonge. Kampuni iliyolipia maabara ili iandike 100 inashindwa na iliyolipia wino tu, na kila mwaka hali ikiendelea hivyo, sababu ya kusema kweli inapungua. Hapo ndipo mimi huacha kuona nambari hizi kama mzaha wa soko.

Sheria zipo, tena si haba. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kupewa habari za kumwezesha kufaidika nazo. Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa, na Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inakataza vilevile. Kuna shirika la viwango, KEBS, na stika zake, kuna mamlaka ya kupambana na bidhaa ghushi. Lakini fikiria jinsi tunavyoilinda kilo. Mizani ya mwenye bucha hukaguliwa na kupigwa muhuri wa serikali, pampu ya petroli pia, na anayekupunja gramu 50 za nyama anaweza kujikuta kortini. Anayekupunja lumeni 99,700 kati ya 100,000 anauza mchana kweupe. Stika kwenye boksi haikuambii kwamba kuna mtu aliyeiwasha tochi ndani ya tufe la kupimia mwanga akalinganisha jibu na maandishi. Sidai kila tochi ipelekwe maabara. Afisa mwenye kalkuleta angeweza kuyakataa maboksi mengi pale pale bandarini, kwa hesabu ile ile ya seli moja tuliyoifanya hapo juu.

Mpaka siku hiyo ifike, hesabu ifanyie nyumbani. Njia iliyo safi kuliko zote ni ya chaji, maana tochi haiwezi kutoa nishati ambayo haikuingizwa. Soma chaja: volti 5, ampea 1, basi ni wati 5 zikizidi. Ikijaa kwa saa tatu, iliyoingia haizidi wati-saa 15. Boksi linadai kuwaka saa sita? Basi ni wastani wa wati 2.5, na kwa lumeni 120 kila wati unapata 300. Tochi ya lumeni 300 kwa saa sita ni tochi nzuri sana, ungeinunua bila aibu. Ni 100,000 tu zinazoifanya iwe ya uongo. Ukitaka uhakika zaidi, kuna vimita vidogo vya USB vinavyochomekwa kati ya chaja na waya, navyo huhesabu kila miliampea-saa inayopita.

Kwa mwanga wenyewe, tumia bafu. Usiku, taa zote zikiwa zimezimwa, simamisha tochi sakafuni ikielekea darini, weka simu kando yake ikiwa na programu ya kupima laksi, soma nambari. Kisha fanya vivyo hivyo kwa balbu ya LED yenye lumeni zilizoandikwa na kampuni unayoiamini, ikiwa kwenye holda ya waya na kuelekezwa darini. Tuseme balbu ya 800 imesoma 40 na tochi imesoma 15: tochi yako ina kama 300. Simu si chombo cha maabara na nambari yake peke yake haina maana, lakini kwa kulinganisha taa mbili ndani ya bafu moja inafaa. Muhimu ni kurudia kipimo baada ya dakika kumi, bila kuizima tochi. Nyingi zitakuwa zimepoteza nusu, na huo uliobaki ndio mwanga utakaoishi nao.

Zile tochi za plastiki zenye plagi ya kukunja mgongoni, ambazo karibu kila nyumba Eastlands inayo, zina betri ya asidi ya volti 4, mara nyingi ya miliampea-saa 900 au chini ya hapo. Hiyo ni wati-saa 3.6. Hazina miujiza, ila hufa mapema kwa sababu nyingine kabisa: zinaachwa kabatini zikiwa zimeisha chaji. Betri ya asidi ikikaa tupu, sahani zake za risasi hujenga utando wa salfeti usiotoka, na stima ikipotea baada ya miezi minne utakuta mnara wa plastiki usiowaka. Ichaji kila mwezi hata kama hujaitumia, na uichomoe inapojaa. Mwenye nyumba akilalamikia tokeni, mwambie ni senti tu.

Seli za 18650 zinazouzwa peke yake zinastahili tahadhari kubwa kuliko tochi. Zipo zilizoandikwa miliampea-saa 9,900, karibu mara tatu ya kile ambacho Panasonic wanaweza kukifanya. Seli ya kweli ina uzito wa gramu 45 hadi 50; ukiiweka kwenye mizani ya kidijitali ikasoma 30, ndani yake kuna seli ndogo iliyovishwa ganda kubwa. Baadhi ya mafundi wa Luthuli Avenue na Kariobangi wanalijua hili vizuri, ndiyo maana hufungua betri za laptopu zilizokufa na kutoa seli ambazo bado zina uhai. Seli ya laptopu iliyotumika, iliyoanza na miliampea-saa 2,200 na kubakiwa na 1,500, huishinda ile mpya ya 9,900. Ukiichukua kwa fundi, mwambie aipime volti mbele yako kabla ya kuitia chaji. Iliyoshuka chini ya volti 2.5 na kukaa hivyo isichajiwe tena, inaweza kuwaka moto. Usiitupe na takataka za jikoni, maana safari yake itaishia kwenye jaa la Dandora. Kituo cha WEEE Centre, upande wa Utawala, hupokea taka za aina hiyo.